Tupeane uzoefu: mliofanya mazoezi ya tiba majini, mlikutana na nini?

Paja la Chuma: Habari zenu wakuu. Nilivunjika paja, nikawekewa chuma, na kidonda kilipofunga vizuri nikapelekwa bwawani. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu: magongo yameegemezwa ukutani, mwenyewe natembea! Mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, akanieleza kuwa maji yakifika kifuani, miguu hubeba kama theluthi tu ya uzito. Yakiwa kiunoni, karibu nusu. Shingoni, kama sehemu moja ya kumi. Nina kilo 90, kwa hiyo miguu ilikuwa inabeba kama 30 hivi.

Kasheshe ni kutoka. Kila kipandio cha ngazi kilinirudishia kilo zangu, nikafika juu mzito kama gunia lililolowa. Sasa nawauliza, hii nguvu ya majini inahamia nchi kavu kweli, au najidanganya?

Bi Magoti: Pole mwanangu. Inahamia, ila haihami yenyewe. Mimi nilipenda maji mno, maana magoti yamesagika yote mawili, nikakaa miezi miwili nafanya ya bwawani tu. Siku nimekutana na ngazi za kawaida, wapi! Sasa napangiwa siku mbili majini, moja ukumbini, na hiyo moja ndiyo naichukia.

Jingine, msikimbilie bwawa lolote la kuogelea. Nilijaribu, maji baridi, misuli ikakaza nikarudi nachechemea kuliko nilivyokwenda. La tiba huwa na joto la nyuzi 33 hadi 35 hivi. Lakini joto hilo nalo linachosha, mtu unatoka jasho ndani ya maji bila kujua. Kunyweni maji kabla na baada.

Mtoto wa Mzee: Mimi nilikuwa nampeleka baba baada ya kiharusi. Hajawahi kuogelea maishani, na maji anayaogopa. Wakaanza naye kwa njia ya Halliwick, ile aliyoianzisha James McMillan huko London mwaka 1949 akifundisha wasichana wenye ulemavu kuogelea. Hatua ya kwanza ni kuzoea maji na kutawala pumzi, basi mzee akaambiwa apulize mapovu. Alinuna! "Mmenileta huku nicheze kitoto?" Njia nzima hakunisemesha.

Kilichomgeuza ni kuanguka. Nchi kavu akiyumba tu, kishafika chini. Majini aliyumba, akaanguka polepole, akapata muda wa kurusha mkono na kujirudisha. Alijirudisha mwenyewe, hakushikwa na mtu. Tangu siku hiyo yeye ndiye ananiamsha mimi twende.

Nilificha: Fupi tu. Nilikuwa na kidonda kidogo kisiginoni nikanyamaza nisikose zamu yangu. Kikaoza, nikakaa nje wiki tatu. Kidonda wazi, kuhara, kifafa kisichotulia, moyo wenye shida: semeni kabla ya kuingia.

Fizio wa Zamu: Nimefanya kazi hii miaka mingi, niongeze moja kwa mleta mada. Maji hukujibu kadiri unavyoyasukuma. Ukienda taratibu yanakubeba, ukiongeza kasi mara mbili ukinzani unapanda karibu mara nne. Anayesema majini ni rahisi, mara nyingi anatembea kama yuko matembezini. Muulize mtaalamu wako kama umefika wakati wa kuongeza kasi, kisha kushuka kutoka maji ya kifuani kwenda ya kiunoni, ili mguu uzoee mzigo kidogo kidogo. Na ile ngazi unayoilalamikia, kwangu ni sehemu ya zoezi.

Paja la Chuma: Asanteni sana, Bi Magoti nimekusikia. Nimemuuliza mtaalamu wangu, kesho nashuka kiunoni. Hivi viatu vya majini mnavaa, au pekupeku inatosha?

Bi Magoti: Vaa. Usiniulize nimejuaje.