Kwa nini nyumba za vijiji vyetu zimejipanga kando ya barabara?

Swali
Ndugu wanajamvi, katika picha nyingi za vijiji vya Tanzania za miaka ya 1970 naona nyumba za nyasi zimenyooka mstari mmoja kando ya barabara ya vumbi, mbele yake pakiwa patupu. Leo barabara za namna hiyo zimejaa mabati, nguzo za umeme, vibanda na bodaboda. Naomba kueleweshwa mpangilio huo ulitoka wapi na ni nini kilichobadilisha sura yake.

Jibu la kwanza
Mstari huo ni kazi ya serikali. Awali, katika sehemu nyingi za nchi, kila kaya ilijenga karibu na shamba lake. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 Operesheni Vijiji ilikuwa imehamisha mamilioni ya watu. Viwanja vilipimwa kando ya barabara ili shule, zahanati na maji viwafikie wananchi kwa urahisi, nia ambayo naiheshimu sana. Lakini mashamba yakabaki mbali, na wapo waliobomolewa nyumba kabla hawajapata pa kujisitiri.

Jibu la pili
Naongeza habari ya biashara, kwa sababu ndiyo iliyojaza ule upande mtupu. Enzi za ujamaa duka lilikuwa la kijiji, na wafanyabiashara binafsi walibanwa. Masharti yalipolegezwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, chini ya Rais Mwinyi, waliopewa viwanja vya mbele wakajikuta wameketi juu ya mali: vyumba vya barabarani vikageuzwa fremu za maduka. Baadaye, Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi 2007 ulipofikisha umeme, zikaja saluni, mafundi wa kuchomelea na mawakala wa pesa za simu.

Jibu la tatu
Tusisahau Sheria ya Barabara ya 2007, iliyopanua hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Inaniuma kwamba wazee walioamriwa kujenga kando ya barabara wameona nyumba zao zikichorwa X, alama ya kubomolewa, na kwa maoni yangu anayekutwa ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa hapaswi kuitwa mvamizi, bali alipwe fidia kamili kabla ya kuondolewa.