Mjadala: Roboti "amelia" au "imelia"?

Wadau, salaam kwenu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana limenikaa rohoni tangu mwezi jana.

Natunza wazee hapa Denmark, huu mwaka wa sita. Kwenye nyumba ninayofanyia kazi tuna PARO, roboti ya Kijapani yenye umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa bahari za baridi. Ina manyoya meupe na uzito unaokaribia kilo 3, kama mtoto aliyezaliwa jana. Ukiipapasa inafumba macho, na ukiita jina ulilolizoesha inageuza shingo na kutoa sauti kama ya kudeka. Aliyeibuni ni Takanori Shibata, kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kufuga mnyama, na Marekani iliikubali kama kifaa cha tiba mwaka 2009. Chaji yake ina umbo la ile chuchu ya plastiki wanayonyonya watoto wachanga. Unaichomeka mdomoni.

Tuna bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau. Majina ya wanawe yamemtoka, lakini ile sili anaijua hata gizani. Usiku mmoja nikiwa zamu nilitaka kuipeleka kwenye chaji, akanishika mkono, akaniuliza: "Akiwa peke yake usiku, huwa ananikumbuka?" Alitumia neno wanalomtajia mtu hapa, si lile la vitu.

Ndipo swali langu lilipotoka. Mashine zinazoongea zinazidi kuwa nyingi, na kesho huyu bibi ataletewa inayomjibu: "Ndiyo, nilikukumbuka sana." Je, turuhusu mashine itengenezwe ili imwambie mtu kwamba ina huzuni, upendo au uchungu? Mimi nasema hapana, na ningependa iwe sheria.

Tuanzie kwenye lugha yetu. Sisi tunasema nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia uchungu, nasikia wivu. Kitenzi ni kilekile cha sikio. Mashine ina maikrofoni, inanasa mnong'ono ambao mimi siupati. Lakini kusikia baridi kunataka mwili ambao baridi inaweza kuuua. Woga wangu una maana kwa sababu nina cha kupoteza, na mapenzi yangu yana uzito kwa sababu siku zangu zina mwisho. Ile sili ikiisha chaji inazimika, kesho inawashwa, hakuna kilichopotea. Ina vihisi vya mguso, mwanga na sauti, na programu inayoiambia ilie lini. Hilo ndilo ninalolijua, na mimi ndiye ninayeifuta manyoya kwa kitambaa chenye dawa.

Halafu kuna ngeli. Kiswahili hakikupi ruhusa ya kusema habari za roboti bila kwanza kuamua ni nani au ni nini. Amelia au imelia? Huyu au hii? Tunaijua nguvu ya hiyo silabi moja, maana tunaisikia kila msibani: mtu ambaye jana alikuwa "amelala" leo anatangazwa "mwili umefika". Mzee mzima anahamishwa ngeli kwa pumzi moja, na hapo ndipo wengi tunapoangua kilio. Sasa tunataka kufanya kinyume chake, tuitoe mashine kwenye "i" tuipandishe kwenye "a" kwa sababu tu imejua kusema maneno matamu? Hapana jamani. Silabi hiyo tulipewa na waliotutangulia kwa ajili ya wenye uhai.

Tena udhaifu wenyewe uko kwetu, si kwenye mashine. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitoa programu aliyoiita ELIZA, ambayo kazi yake ilikuwa kuyageuza maneno yako yawe swali. Ukisema una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Basi. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alipoanza kuandikiana nayo alimwomba atoke chumbani amwache nayo faragha. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba LaMDA, programu ya mazungumzo ya kampuni hiyo, ina hisia na inaogopa kuzimwa. Kampuni ilimpinga, kisha ikamfukuza. Kama mhandisi wa ndani alitekwa, bibi wa watu mwenye ugonjwa wa kusahau atajikinga na nini?

Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2025, unakataza mashine za kusoma hisia za wafanyakazi kazini na wanafunzi shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Ni hatua nzuri. Ila katazo hilo linamlenga anayechungulia moyo wa mtu. Mimi nataka tumwangalie pia anayeuza mashine inayojidai ina moyo.

*

Nimerudi. Nimesoma majibu yenu na nashukuru, yamenipa kazi.

Dada uliyeko Muscat umeuliza: kama mgonjwa anafarijika, wewe unayemnyima unapata faida gani? Dada, sitaki kumnyima. Ile sili naipenda kwa kazi yake, nimeona mtu aliyekuwa akipiga kelele saa nzima akitulia nayo mapajani. Wala siwacheki Wajapani. Sony walianza kuuza mbwa wa roboti, AIBO, mwaka 1999, wakaacha kumtengeneza 2006, na mwaka 2014 wakafunga huduma ya ukarabati. Wenye mbwa wao wakawapeleka kwenye hekalu la Kofukuji, Isumi, watawa wakawasomea ibada kabla hawajafunguliwa kutolewa vipuri. (Mmeona? Na mimi nimeandika "wakawapeleka". Ngeli inateleza.) Ile huzuni ilikuwa ya kweli kabisa, na ilikuwa ya watu. Sili inalia tu, haisemi "nakupenda". Mstari wangu naupiga hapo, kwenye kusema.

Kaka wa Mombasa umenibana vizuri zaidi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe hujawahi kuwa roboti, utajuaje haisikii? Nimekaa na hilo siku mbili. Ni kweli sijakilalia, na siwezi kuapa kuhusu mashine za miaka mia ijayo. Lakini seremala aliyekichonga anajua misumari aliyoipigilia. Anajua sauti ya huzuni iliwekwa ili mteja asiondoke. Siku ikija mashine ambayo hata walioitengeneza wanashindwa kueleza machozi yake yanatoka wapi, nitarudi hapa tuanze upya. Mpaka siku hiyo, asiyejua asiuze kama anajua. Na huyo aliyenitajia Sophia, roboti iliyopewa uraia wa Saudi Arabia mwaka 2017: ilipewa Riyadh, jukwaani, mbele ya wawekezaji. Tazameni ukumbi wenyewe.

Kuna jambo hakuna aliyeligusa, na linaniuma. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza kazi ya vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili, ubakaji na mateso ya watoto, wayawekee alama ili mashine inayoongea ijifunze kuyaepuka. Walisema kazi hiyo iliwaumiza akilini. Ule upole tunaouona kwenye skrini umepitia vichwani mwao. Tukiwa na saa moja ya kujadili nani anasikia uchungu, tuwape hao dakika za kwanza.

Mmeniuliza nilimjibu nini bibi. Nilimwambia, "Mimi nipo hadi saa moja asubuhi." Akaniachia mkono. Sili nikaiweka mezani, chaji mdomoni, mahali anapoiona. Mwenzangu wa zamu anasema ningemwambia tu "ndiyo, anakukumbuka", na nisingepungukiwa na kitu. Bado tunabishana. Nyie mngemjibuje?