Kwa nini Appar alirudishwa Thiruvaiyaru?

Mkazi wa Chumbageni
Ndugu zangu, jirani yetu hapa Tanga, mzee wa asili ya Kitamil, amenisimulia habari za Thiruvaiyaru, mji mdogo wa kale kando ya mto Kaveri, kilomita 13 hivi kutoka Thanjavur, kusini mwa India. Anasema Appar, mtakatifu wa Kihindu, alikwenda kwa miguu kuelekea mlima Kailash, makao ya mungu Shiva, ili amwone, nyayo zikalika, akatambaa kwa magoti, kisha kwa kifua, na mwishowe akaambiwa arudi. Mja aliyejitesa hivyo alinyimwa kwa kosa gani?

Bi Ngamiani
Kaka, hakunyimwa. Aliyemwambia arudi ni Shiva mwenyewe, aliyemjia kwa sura ya mtawa na kumweleza kuwa kiwiliwili cha binadamu hakifiki Kailash; naye Appar akajibu kwamba mwili huu wa kufa hataurudisha kwao kabla hajamwona Mola wake. Ndipo akaamriwa kuzama katika ziwa, na alipoibuka alikuwa ndani ya bwawa la Thiruvaiyaru, mzima wa viungo. Njiani kuelekea hekaluni akaona viumbe wawili wawili, ndovu dume na jike lake, jogoo na mtetea wake, tausi na mwenziwe, na katika kila jozi akawatambua Shiva na mkewe Parvati. Wimbo aliotunga, ambao kila ubeti humalizikia kwa kusema ameona asilopata kuliona, ungali ukiimbwa, na tukio hilo huadhimishwa pale kila mwaka siku ya mwezi kufichika katika mwezi wa Aadi wa kalenda ya Kitamil, baina ya Julai na Agosti.

Msomaji wa Pangani
Niongeze kwamba jina lenyewe lina maana ya mahali patakatifu pa mito mitano, yaani Kaveri na minne mingine ya jirani. Appar, aliyeishi karne ya 7, alizoea kubeba jembe dogo la kupalilia nyua za mahekalu, na sanamu zake humwonyesha akiwa nalo. Kwangu mimi hilo ndilo jawabu: mtu aliyeutumikia uwanja wa hekalu kwa mikono yake alionyeshwa Kailash akiwa njiani kuuendea uwanja kama huo.

Mkazi wa Chumbageni
Nashukuru sana. Nimekumbuka wazee wetu wanavyosimulia kuhusu mbwa aliyeingia Mapango ya Amboni akatokea Kilimanjaro. Kesho nitamsimulia jirani hadithi hiyo, kisha nimwombe aniimbie ubeti wa ndovu.