Zamu ya usiku: saa ya kula inaweza kupandisha sukari?

Mlinzi wa Tabata
Wakuu, naomba ushauri. Nalinda geti kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka alfajiri. Wali maharage nanunua kwa mama ntilie kabla hajafunga, natia kwenye hotpoti, nakula saa nane usiku usingizi unapobana. Juzi nimepimwa kabla ya kula, sukari imepanda kidogo. Chakula ni kilekile cha enzi za zamu ya mchana, na soda sinywi. Shida inaweza kuwa ni saa?

Nesi Mwandamizi
Inaweza, ndugu yangu, na umeuliza mapema. Saa kuu ya mwili iko ubongoni, inafuata mwanga. Ini na kongosho vina saa zake, na hizo zinafuata sana chakula. Ukila saa nane, ubongo unajua ni usiku wa manane huku ini likiambiwa kumekucha. Tena usiku homoni ya melatonini iko juu, na inapunguza insulini inayotoka kwenye kongosho, ile inayoondoa sukari kwenye damu. Sukari ya wali uleule inabaki kwenye damu muda mrefu zaidi.

Marekani walilijaribu hili, matokeo yakatoka 2021. Watu 19 wenye afya waliishi maabara kwa ratiba ya zamu ya usiku. Waliokula usiku, wastani wa sukari ulipanda kwa asilimia 6.4. Waliokula mchana tu haukupanda kwa maana yoyote. Ni watu wachache, lakini wodini kwetu nawaambia wenzangu wafuate hilo.

Hamishia hotpoti saa kumi na moja jioni, ule ushibe kabla ya kuingia. Usiku kunywa maji. Njaa ikizidi, yai la kuchemsha au karanga kiganja kimoja, wali hapana.

Kijana wa Gongo la Mboto
Nesi, si ni kiasi tu? Chakula ni chakula.

Nesi Mwandamizi
Kiasi kina uzito wake, sibishi. Ila Uingereza, 2017, wanaume 10 walisogezewa milo mbele kwa saa 5, chakula kilekile. Mzunguko wa sukari yao ukasogea kwa zaidi ya saa 5, melatonini, inayoonyesha saa ya ubongoni, ikabaki palepale.

Mama Salma
Mume wangu naye ni wa zamu, anachoma insulini. Afanye hivyohivyo?

Nesi Mwandamizi
Hapana dada, asibadilishe mlo kabla hajaongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka ghafla akiwa kazini. Na wewe wa Tabata, rudi kliniki uombe kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu.