Naombeni ushauri: viazi mviringo nyuma ya nyumba, Minneapolis (jimbo la Minnesota, Marekani)

Mama Tumaini: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nimekulia Njombe, viazi nimelima tangu utotoni, ila kule tunafuata mvua. Huku ndiyo mara ya kwanza kupata kieneo, mita 3 kwa 4 tu. Theluji imeyeyuka wiki iliyopita. Nina viazi vya dukani vimeanza kuchipua, na ndoo ya majivu ya kuni, maana mama alikuwa akiyatia shambani. Nipande sasa au nisubiri? Wanangu hawajawahi kuona kiazi kikichimbwa, natamani sana waone.

Mzee wa Jembe: Marahaba mwanangu. Usiangalie theluji, shika udongo. Ukiufinya ukabaki donge linalonata, bado una maji mengi na mbegu itaoza. Ngoja ufike nyuzi joto 7 hadi 10. Mimi niko jimbo hilohilo, hupanda mwishoni mwa Aprili. Sakitu, ile baridi ya kugandisha umande, inaweza kurudi hata Mei, lakini usife moyo: majani yakiungua, kiazi kilicho chini huchipua tena. Usiku wa baridi kali yafunike kwa shuka kuukuu.

Bi Mbatata: Dada, majivu hapana! Kiazi kinapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) 5 hadi 6, na majivu yanauondoa. Niliyamwaga mwaka wangu wa kwanza, viazi vikatoka na ukurutu ganda zima. Tulikula, lakini kumenya ilikuwa kazi. Tia mboji iliyoiva. Samadi mbichi pia iache.

Mkulima Mdogo: Hivyo vya dukani vipike. Vingi hupuliziwa dawa ya kuzuia kuchipua, na vinaweza kukuletea ugonjwa ukakaa kwenye udongo miaka. Nunua mbegu, yaani viazi vya kupandia, iliyothibitishwa kuwa haina ugonjwa. Iliyozidi ukubwa wa yai ikate, kila kipande kibaki na macho 2, kisha uiache siku 2 jeraha likauke. Kina sm 10, shina hadi shina sm 30, mstari hadi mstari sm 75. Je, hapo palipandwa nini mwaka jana?

Mama Tumaini: Asanteni mno. Aliyekuwepo kabla yangu alipanda nyanya upande wa uzio.

Mkulima Mdogo: Basi upande huo weka maharage. Nyanya na kiazi ni ukoo mmoja, wanarithishana magonjwa.

Bi Mbatata: Mashina yakifika sm 20, pandishia udongo, na urudie baada ya wiki 2 au 3. Kiazi kikipigwa na jua kinakuwa kijani na kinajaa sumu, hicho usiwape watoto.

Mzee wa Jembe: Na kuanzia Juni geuza majani kila asubuhi. Kuna mdudu wa njano mwenye mistari myeusi mgongoni, mayai yake ni ya rangi ya chungwa, yamepangana chini ya jani. Yaponde kwa vidole. Nenda na hao watoto, macho yao yanayaona kabla ya yetu.