Mwanangu yuko ndani ya tuisheni, mwenzake yuko dirishani. Nifanyeje?

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanishukia.

Nina binti darasa la sita, shule ya serikali hapa mtaani. Ada ilishafutwa. Lakini kengele ya mwisho ikilia, mwalimu wa hisabati anabaki na watoto waliolipia tuisheni. Darasa lile lile, ubao ule ule, mwalimu yule yule. Mimi nalipa. Si tajiri, ila mwisho wa mwezi mshahara unaingia.

Juzi nilimfuata mapema. Nje ya dirisha alikuwa amesimama binti wa jirani yangu, wanakaa dawati moja na wangu. Mama yake anafua nguo za watu. Kaweka daftari kwenye ukingo wa dirisha, ananakili. Mwalimu akasogea, akavuta pazia. Hakumfokea wala nini, alivuta tu kama mtu anayezuia jua. Mtoto akafunika kalamu, akaenda kukaa kwenye ngazi amsubiri mwenzake waongozane nyumbani.

Usiku nikafungua madaftari ya binti yangu. La mchana, mada ya sehemu imeishia kwenye kujumlisha na kutoa. Kuzidisha na kugawanya kumo kwenye daftari la tuisheni, na ndiko kulikotoka kwenye jaribio la mwezi. Yaani somo limekatwa vipande viwili, cha pili kinauzwa.

Mume wangu anasema tulipe tunyamaze, nisimponze mtoto kwa siasa zangu. Nimtoe? Nimlipie na yule mwingine? Au nilipeleke kwenye kamati ya shule, maana mimi ni mjumbe, halafu mwalimu aje amalizie hasira kwa mwanangu? Nawasilisha.

Mjibu wa 1
Dada, mlipie huyo mtoto yaishe. Kupigana na mfumo waachie wenye muda.

Mjibu wa 2 (mwalimu mstaafu)
Nimeshika chaki miaka 31, na hilo pazia nimewahi kulivuta. Sijivunii. Nilianza kwa kuwabakiza wanaochelewa kuelewa, bure kabisa. Mzazi mmoja akaleta asante kwenye bahasha. Wa pili naye akaleta. Baada ya muda ile asante ikawa na kiwango. Kisha siku moja mchana niko ubaoni, nikajikuta naruka mfano mgumu, kichwani nasema huu tutauona jioni. Hakuna siku niliyokaa nikaamua kuuza somo.

Nasema haya ili ukienda kwenye kamati usiende kumwinda mtu. Mshahara wangu ulikuwa hautoshi na darasa lilikuwa limefurika. Ukimfukuza huyo, anayekuja ataikuta njaa ile ile.

Mjibu wa 3
Mwalimu umesema kweli, ila usiisafishe sana. Ukishakuwa na cha kuuza jioni, una sababu ya kufundisha nusu mchana. Hapo ndipo penye ugonjwa. Mtu baki akimfundisha mtoto wangu nyumbani ni pengo la kipato, baya lakini la kawaida. Mwalimu kumtoza mwanafunzi wake mwenyewe kwa somo lake mwenyewe ni kitu kingine kabisa, na hicho ndicho kamati inapaswa kukikataza.

Wanaosema serikali ipige marufuku tuisheni zote, tazameni Korea Kusini. Ilizipiga marufuku mwaka 1980. Wenye fedha waliendelea kisirisiri, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaona marufuku ile imevuka mipaka. China nayo mwaka 2021 ilizuia kampuni za tuisheni kupata faida kwa masomo ya msingi ya shule, na walimu wa mafichoni wakaibuka. Mtihani ukibaki mlango mwembamba, mwenye nacho atanunua ufunguo tu.

Ufini walianzia kwingine. Kuanzia mwaka 1972 waliunganisha shule zao ziwe za aina moja kwa watoto wote, wakianzia kaskazini. Mtoto akikwama anasaidiwa shuleni, ndani ya saa za shule, na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, bila mzazi kuulizwa ana nini mfukoni. Kwa hiyo ombi lenu liwe hilo: msaada urudi ndani ya ratiba, na mwalimu anayeongezewa saa alipwe na mwajiri wake.

Mjibu wa 4
Mimi nilikuwa mtoto wa dirishani. Mama wa rafiki yangu alinilipia, Mungu ambariki. Ila tangu hapo kila tukigombana rafiki yangu alinikumbusha nani kalipa. Tuliacha kuongozana kabla mwaka haujaisha.

Ukilipa, pitisha kwa mwalimu mkuu, watoto wote wawili wasijue. Na kwenye kikao usisimame peke yako. Tafuta wazazi watano, wanaolipa na wasiolipa. Beba yale madaftari mawili, ziba majina, uliza swali moja tu: mada za muhula zinamalizwa saa ngapi? Acha wenyewe wafungue kurasa.

Halafu swali kwako mjumbe: kamati yenu inakaa saa ngapi?

Mleta mada
Mjibu wa 4 umenishika pabaya. Tunakaa Jumatano saa nne asubuhi. Miaka miwili sijawahi kujiuliza kwa nini wajumbe wote ni watu wa ofisini na wenye biashara zao. Saa nne mama yule yuko kwenye beseni la watu.

Jana nilikwenda kwake. Habari ya pazia hakuwa nayo, binti hakumwambia. Alijifuta mikono, akaniuliza mbona sikuja siku ile ile. Nikakosa jibu. Baadaye akasema kikao kikiwa jioni atakuja, na anajua wengine wawili watakaokuja.

Barua ya kuomba kikao kihamie saa kumi na mbili jioni nimeipeleka leo. Mwenyekiti kaisoma akiwa amesimama, akauliza, "Kwani kuna nini?" Nimemwambia atayaona madaftari. Tuisheni nimelipa mpaka mwisho wa mwezi huu, na mume wangu bado kanuna.