Kupanda Meru: mtungi wa gesi, jiko la mchina au moto wa kuni?

ngarenaro_kwetu: Wakuu, habari za jioni. Tunapanda mlima mwezi ujao na kikundi kimegawanyika. Mmoja anataka tununue mtungi wa gesi wa kilo sita, mwingine anasema jiko la mchina linatosha. Wa tatu anasema vyote ni ushamba, tutaokota kuni huko huko, tupike na kuota moto. Hela ya mchango ninayo mimi na kesho kutwa naingia sokoni. Mnashaurije?

machame_kati: Mlima gani? Mko wangapi? Unauliza bei ya viatu hujataja namba ya mguu.

dada_wa_sakina: Huyo wa tatu mwacheni nyumbani. Moto wa kuni kwa wapanda mlima upigwe marufuku hifadhi zote, tumalize.

ngarenaro_kwetu: Samahani wakuu, ni Meru. Tuko tisa.

mpishi_wa_mlimani: Tisa! Basi jiko la mchina sahau. Utambi wake kwenye upepo ni masizi matupu, na mafuta ya taa yakimwagika kwenye begi, unga na sukari ndiyo kwaheri. Chukua mtungi, ila ujue chuma chake nacho ni mzigo, kwa hiyo tafuta mpagazi. Kuota moto je? Meru mnalala kwenye mabanda, Miriakamba halafu Saddle. Huo moto mtauwasha chini ya kitanda?

babu_kibosho: Mtungi sawa, lakini vikopo vidogo vya gesi visikudanganye. Kundi letu lilikodi jiko la kopo kwenye duka moja mjini, silitaji. Muuzaji akaapa linafika hadi kileleni. Miriakamba likawaka vizuri, wali ukaiva. Saddle, mita 3,570, saa saba usiku tunataka chai kabla ya kuanza kupanda, moto ukawa mwembamba kama uzi kisha ukazima. Kopo lilijaa butani tupu, na butani baridi ikikaribia sifuri haipandi tena kuwa hewa. Ya kuchanganywa na propani ndiyo inayostahimili. Kijana mmoja akaliweka kopo ndani ya koti, akalikumbatia karibu nusu saa. Tukapata maji ya uvuguvugu, majani ya chai yakaelea juu. Mwenzetu akaanza kuvunja vijiti nje, askari wa hifadhi akatoka na bunduki yake ya nyati, akamtazama tu. Vijiti vikarudi chini. Dukani tuliporudi tukaambiwa hatukujua kulitumia!

machame_kati: Babu, pole, lakini mimi napinga hiyo marufuku ya jumla. Serengeti makambi yanawasha moto kila jioni, wageni wanakaa kwenye viti na bia zao. Mtanzania akitaka kuota mlimani ndiyo mhalifu?

dada_wa_sakina: Kule kambi imefyekwa na gari la maji linafika. Juu kwenye mierika, vile vichaka virefu vya juu ya msitu, gari litapita wapi? Ule mti una mafuta, unawaka hata ukiwa mbichi. Umesahau Kilimanjaro, Oktoba 2020? Moto ulianzia Whona, wanapopumzikia watu kati ya Mandara na Horombo. TANAPA walisema uchunguzi wa awali unaonyesha chanzo ni watu waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Zikaungua kilomita za mraba 95 na ushee. Miaka miwili baadaye, Oktoba tena, ukawaka upande wa Karanga.

machame_kati: Umejijibu mwenyewe. Kilimanjaro kuni zilikuwa marufuku tayari, na bado ukawaka. Marufuku haizimi moto.

mpishi_wa_mlimani: Hapo mkuu una hoja nusu. Hata jiko la gesi likiwekwa kwenye nyasi kavu linaunguza. Sisi tunaanza kwa kusafisha pa kuliweka. Ila kuni ni mbaya zaidi: cheche zinaruka, na udongo wa kule una mizizi na majani yaliyooza, moto unajificha chini unadhani umezima. Na ile mierika ndiyo inayokinga ukungu ukageuka maji. Ikiungua, mnaoishi chini mtaona kwenye mifereji.

babu_kibosho: Mifereji yetu ilianza kukauka kabla ya huo moto. Na mbona hamwasemi warina asali na mienge yao? Mioto mingi ya mlimani ni yao.

mama_nyuki_usa: Babu, usitupakazie. Siku hizi tuna mabomba ya moshi na mizinga ya kisasa, tena nje ya hifadhi. Wenye mienge ni wezi wa asali.

machame_kati: Mama, asali ya mzinga wa kisasa haina ladha ile ya msituni. Ukweli usemwe.

ngarenaro_kwetu: Jamani, mtungi mmoja unatutosha watu tisa?

mama_nyuki_usa: Haina ladha? Njoo Usa River uonje, ninayo ya nyuki wadogo pia. Nitumie ujumbe.

babu_kibosho: Ya nyuki wadogo lita unauzaje?